Kabla ya kusaini fomu ya upasuaji, omba uonyeshwe

Tuseme umeamka alfajiri kijijini kwako, umepanda bodaboda hadi Mkata, ukapata gari la kwenda Handeni mjini, na sasa umeketi mbele ya daktari. Baada ya salamu anakuuliza unasumbuliwa na nini. Unajibu, "Mshipa, daktari."

Hujadanganya, lakini hujamweleza pia. Katika Kiswahili chetu cha kila siku mshipa ni njia ya damu, ni mshipa wa fahamu, ni kano inayokaza mguu, ni ngiri, na kwa wengine ni busha. Ndivyo ilivyo hata kwa tumbo. Mama akisema tumbo linamuuma, anaweza kuwa na maana ya mfuko wa chakula, utumbo, kibofu au kizazi. Na mzee akishika chini kidogo ya kifua akasema "chembe ya moyo", mahali anapogusa mara nyingi ni juu ya mfuko wa chakula, ingawa maumivu ya moyo wenyewe nayo huweza kusikika hapohapo.

Mchana huohuo unaweza kuletewa fomu ya kuridhia upasuaji. Unasaini au unaweka dole gumba. Ukirudi nyumbani watoto wanakuuliza umepasuliwa nini, nawe unawajibu kwa neno lilelile ulilokwenda nalo: mshipa.

Hapo ndipo mada ya wiki hii inapoanzia. Duniani kote vyuo vya udaktari vinafundisha maumbile ya mwili kwa picha za kompyuta za pande tatu, ambazo mwanafunzi anaweza kuzizungusha, kuzifungua na kuona kilicho nyuma ya kingine. Ni hatua kubwa. Lakini swali langu kwako wewe mgonjwa, na wewe mzazi wa Handeni na Korogwe, ni hili: kama ufundi huo unamsaidia anayejifunza kutibu, kwa nini usimfikie anayetibiwa?

Chungwa na mchoro wake

Ukisafiri kutoka Segera kuelekea Chalinze, pale Kabuku na Mkata utakuta machungwa yamepangwa kando ya barabara. Chora chungwa moja kwenye karatasi: unapata duara. Duara hilo halikuambii maganda yana unene gani, mbegu zimekaa wapi, wala vipande ni vingapi. Ukilishika mkononi ukaligeuza, unaanza kuelewa. Ukilikata, unaelewa zaidi.

Mwili nao ni hivyo. Mchoro wa kwenye kitabu cha Baiolojia unaonyesha figo ubavuni mwa utumbo, kana kwamba vyote vimebandikwa ukutani. Kumbe figo zimekaa nyuma kabisa, karibu na misuli ya mgongo, na utumbo uko mbele yake. Mtu akiumwa figo ndiyo maana hushika kiuno, si kitovu. Jambo hilo mchoro bapa unalificha, lakini umbo linalozunguka linalionyesha mara moja.

Picha hizi hutengenezwaje? Rudi kwenye chungwa letu. Likate vipande vyembamba sana, piga picha kila kipande, kisha zipange picha hizo kwenye kompyuta kwa mfuatano uleule. Kompyuta inaunganisha kingo za kila kipande na kukurudishia chungwa zima, ambalo sasa unaweza kuliangalia kutoka upande wowote. Kipimo cha CT skani kinafuata njia hiyo bila kisu: miale ya eksirei inapiga picha za mwili kipande kwa kipande, na kompyuta inazipanga. MRI inafanya kazi kama hiyo kwa kutumia nguvu ya sumaku.

Kazi iliyofungua mlango huu ilifanywa Marekani na Maktaba ya Taifa ya Tiba ya nchi hiyo. Mwaka 1994 ilitoa picha za mwili mzima wa mwanamume, uliogandishwa na kuchongwa tabaka kwa tabaka, kila tabaka likiwa na unene wa milimita 1. Picha zilikuwa 1,871. Mwaka 1995 ukafuata mwili wa mwanamke wa miaka 59, safari hii kwa tabaka za theluthi moja ya milimita, na picha zikapita 5,000. Programu nyingi za kufundishia zilizokuja baadaye zilijengwa juu ya picha hizo.

Lakini kuna jambo katika historia hiyo ambalo mgonjwa anapaswa kulijua. Mwanamume yule alikuwa mfungwa wa Texas mwenye miaka 39, aliyeuawa kwa hukumu ya kifo mwaka 1993. Alikuwa amekubali kutoa mwili wake kwa ajili ya sayansi. Hakujua kwamba ungechongwa tabaka kwa tabaka na kutazamwa dunia nzima. Kwa hiyo hata mwili uliotufundisha kuona ulitoka kwa mtu aliyesaini bila kuonyeshwa. Wataalamu wa maadili wamelijadili suala hilo kwa miaka mingi.

Kwa nini vyuo vinakimbilia huko

Mwanafunzi wa udaktari hujifunza maumbile kwa kupasua maiti. Katika nchi nyingi za Afrika miili hiyo hutoka zaidi kwa watu waliofariki bila ndugu kujitokeza, kwa sababu kutoa mwili kwa hiari hakujazoeleka kwetu. Wakati huohuo vyuo na wanafunzi wameongezeka. Tanganyika ilianza na shule moja ya udaktari Dar es Salaam mwaka 1963, ile ambayo leo ni Chuo Kikuu cha Afya na Sayansi Shirikishi Muhimbili. Leo udaktari unafundishwa pia Moshi, Mwanza, Dodoma na kwingineko. Miili haikuongezeka kwa kasi hiyo. Mwaka 2020, corona ilipofunga vyuo kwa miezi kadhaa, dunia nzima ilibaki na kioo cha kompyuta.

Picha ya pande tatu ina faida zake. Haiozi, haina harufu ya dawa ya kuhifadhia, na ukikosea unarudia. Lakini haina uzito, haina ugumu wala ulaini, na haimfundishi kijana kwamba aliye mbele yake alikuwa mtu. Kwa hiyo walimu wengi wanaitumia pamoja na maiti, si badala yake. Nami nakubaliana nao.

Tatizo ni kwamba safari ya picha hizo inaishia chuoni. Daktari akishahitimu na kupangiwa kituo, anamweleza mgonjwa kwa maneno matupu, au kwa kuchora haraka nyuma ya karatasi ya vipimo. Sasa nikuonyeshe kwa mifano miwili kile tunachokosa.

Ngiri na busha: njia moja, magonjwa mawili

Mkoa wa Tanga umeishi na matende na mabusha kwa vizazi vingi. Wanaume wengi wanayaona kama aibu ya kufunikwa na kanzu au msuli. Na kwa kuwa ngiri na busha vyote huvimbisha eneo la korodani, wengi hudhani ni kitu kimoja.

Hebu tazama kwa jicho la pande tatu. Mtoto wa kiume akiwa tumboni mwa mama yake, korodani zake huanzia juu, karibu na figo. Zinateremka taratibu, zinapita kwenye mfereji mwembamba wa kinena, na kufika kwenye pumbu. Zikishapita, njia ile inapaswa kujifunga. Isipojifunga ikabaki pana, kipande cha utumbo huweza kuteleza na kuingia humo. Hiyo ni ngiri. Ikibaki nyembamba sana, utumbo haupiti, lakini maji ya tumboni hupita na kujaa kuzunguka korodani. Hilo ni busha la mtoto.

Kwa mtu mzima wa ukanda wetu busha lina chanzo kingine kinachojulikana sana: minyoo midogo inayoenezwa na mbu, ambayo huharibu mishipa ya limfu, yaani njia zinazorudisha majimaji ya mwili kwenye damu. Njia zikiharibika, maji hukusanyika.

Umeona tofauti? Ukiielewa, unajua pia la kufanya. Busha la mtoto mchanga mara nyingi hupotea lenyewe kabla ya kufikisha mwaka mmoja au miwili, ila lazima daktari athibitishe kwamba ni busha kweli. Ngiri ya kinena ya mtoto haipotei. Inahitaji upasuaji, na usicheleweshe. Ngiri ya kitovu ni habari tofauti: mara nyingi hujifunga yenyewe kabla ya miaka minne au mitano, na sarafu unayomfunga mtoto kitovuni haisaidii, huenda ikamwumiza ngozi tu.

Kuna dalili moja ya kukumbuka hata ukisahau mengine yote. Uvimbe wa ngiri ukiwa mgumu, ukauma, ukakataa kurudi ndani, na mgonjwa akaanza kutapika, utumbo umebanwa na damu haifiki. Hiyo ni dharura. Usingoje gari la asubuhi.

Yote haya nimeyaeleza kwa maneno. Sasa fikiria yule baba wa Sindeni aliyekaa na uvimbe kwa miaka mingi akiamini amerogwa, akiwekewa mbele yake umbo linalozunguka, akaona korodani ikishuka, njia ikibaki wazi, na utumbo ukiingia. Kwa dakika mbili angejua kwamba ugonjwa wake una mlango, na mlango huo unaweza kushonwa.

Punje ya mahindi na pafu la kulia

Mfano wa pili ni wa wazazi. Mtoto wa miaka miwili anacheza huku anatafuna mahindi ya kuchoma. Ghafla anakohoa, anahangaika, kisha anatulia. Bibi anasema imeshashuka tumboni. Siku tatu baadaye anaanza homa, na kikohozi hakikomi.

Shingoni kuna njia mbili zinazopita pamoja: ya hewa iko mbele, ya chakula iko nyuma. Njia ya hewa ikifika kifuani inagawanyika. Tawi la kulia ni pana zaidi, fupi zaidi, na limesimama wima kuliko la kushoto. Ndiyo maana kitu kilichopotea njia mara nyingi huishia upande wa kulia. Mtoto anaweza kutulia si kwa sababu kimeshuka tumboni, bali kwa sababu kimepita pale palipobana na kukwama chini zaidi. Mzazi aliyewahi kuliona tawi hilo likiwa umbo kamili hatasema tena "imeshashuka" bila kumpeleka mtoto kupimwa.

Kama mtoto anakohoa kwa nguvu, mwache akohoe. Akishindwa kupumua au kulia, na ana umri wa chini ya mwaka mmoja, mlaze kifudifudi kwenye mkono wako kichwa kikiwa chini, mpige mara tano mgongoni katikati ya mabega, kisha mgeuze umkandamize kifuani kwa vidole viwili mara tano, na urudie. Usimwingize kidole kooni kutafuta usichokiona, utakisukuma ndani. Akiwa amemeza betri ndogo ya saa au ya mdoli, kimbia hospitali hata kama anacheka, maana betri hiyo huanza kuunguza koo la chakula ndani ya saa mbili.

Picha peke yake haifundishi

Hadi hapa unaweza kudhani nasema tununue kompyuta na mambo yataisha. Sivyo. Watafiti wa Chuo Kikuu cha McMaster, Kanada, mwanzoni mwa miaka ya 2000 waliwapima wanafunzi waliojifunza mifupa midogo ya kifundo cha mkono kwa umbo la kompyuta linalozunguka. Walikuta kwamba kuona umbo kutoka kila upande hakukuongeza mengi kuliko kuona pande chache zilizochaguliwa vizuri. Walikuta pia kwamba watu hawalingani: wapo wanaoweza kugeuza umbo akilini kwa urahisi, na wapo ambao linawachanganya.

Maana yake kwetu ni kwamba mwenye kujua lazima asimame kando ya picha, asimamishe pale panapohitajika, na aseme: hapa ndipo penye shida yako.

Wenyeji wa maeneo haya hawahitaji kufundishwa hilo na Kanada. Wazigua na Wasambaa walitumia sanamu za udongo kufundishia vijana kwenye jando na unyago. Hans Cory, mtaalamu wa jamii aliyefanya kazi chini ya serikali ya kikoloni ya Tanganyika, alizikusanya na mwaka 1956 akachapisha kitabu juu yake. Sanamu zile zilifundisha zaidi mwenendo, ndoa na heshima kuliko ini na bandama. Lakini utaratibu wake una somo. Kijana hakuachiwa sanamu akaambiwa jifunze. Alikuwepo kungwi au mwalimu wa jando, ulikuwepo wimbo, na kila sanamu ilikuwa na maelezo yake. Umbo lilikuwa la kushika kumbukumbu. Elimu ilikuwa kwa mtu.

Kuna tahadhari nyingine. Mwili ulio kwenye programu si mwili wako. Mara nyingi ni wa mtu mzima, na mara nyingi ni wa mwanamume. Mtoto si mtu mzima aliyepunguzwa ukubwa: huzaliwa na mifupa karibu 300, na mingi huungana hadi kubaki 206 anapokuwa mkubwa. Mwanamke aliyezaa mara sita, mzee aliyepinda mgongo, mtoto aliyezaliwa na mguu kifundo, hawaonekani sana kwenye programu hizo. Hata wazima hatufanani. Wapo wachache ambao moyo wao uko kulia. Kwa hiyo picha ya jumla inakupa ramani. Hali ya mwili wako inaelezwa na vipimo vyako.

Wanaoigeuza picha kuwa chambo

Sasa nifike kwenye jambo linaloniudhi. Wakati picha hizi hazijafika kwenye vyumba vya madaktari wetu, zimeshafika kwenye simu yako. Umeziona: mirija ya uzazi ya rangi ya waridi inazunguka, ndani yake kuna uchafu mweusi, kisha chupa ya dawa inatokea, uchafu unayeyuka, na mtoto anatabasamu. Chini kuna namba ya simu. Au ni tezi dume inayovimba na kusinyaa kwa kijiko kimoja asubuhi na jioni.

Picha inayozunguka ina nguvu ya kuaminisha. Inaonekana kama ushahidi, kumbe ni mchoro wa mtu aliyelipwa. Aliyechora anaweza kuchora chochote.

Itumie elimu ya maumbile kujikinga. Mirija ya uzazi ina urefu wa sentimita 10 hivi, na ndani yake kuna sehemu nyembamba kama milimita 1. Haijaunganishwa na mfuko wa chakula. Unachokunywa kinakwenda tumboni, kinamung'enywa, kinaingia kwenye damu inayopita kwenye ini, ndipo kinasambaa mwilini. Hakuna bomba la kukifikisha kwenye mirija kikazibue kama anayezibua karo. Mirija ikiwa imeziba kwa kovu la maambukizi ya zamani, kinachothibitisha ni kipimo, kwa mfano picha ya eksirei inayopigwa baada ya kupitisha dawa ya kung'arisha kwenye kizazi. Anayekuuzia dawa ya kuzibua kabla ya kukupima, muulize amejuaje kama imeziba.

Simkatai mganga wa tiba asili. Tunayo sheria ya tiba asili na tiba mbadala ya mwaka 2002, na lipo Baraza linalosajili waganga na dawa zao. Muulize muuzaji namba ya usajili. Akigeuza mazungumzo, weka fedha yako mfukoni.

Picha yako ni mali yako

Ukipigwa ultrasaundi au CT skani, inayotokea pale ni sura ya ndani ya mwili wako. Inaweza kufundishia wanafunzi, na ni jambo jema. Lakini uombwe. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 1, 2023, inazihesabu taarifa za afya miongoni mwa taarifa nyeti. Kwa hiyo picha ya mwanao haipaswi kuonekana kwenye kundi la WhatsApp bila ridhaa yako, hata kama jina limefutwa nusu. Ukikubali kufundishia, uliza: itaonyeshwa kwa nani, na jina litaondolewa? Yule mfungwa wa Texas hakupata nafasi ya kuuliza maswali hayo.

Nini kinawezekana hapa kwetu

Kutoka Korogwe hadi Handeni ni kilomita 65 za lami. Umbali huo si mkubwa, lakini kati ya kilichopo chuoni na anachokiona mgonjwa pana umbali mkubwa zaidi, na hauhitaji mabilioni kuufupisha.

Kwanza, maumbo yapo ya bure. Wataalamu wa Japani walitengeneza mkusanyiko uitwao BodyParts3D, wenye viungo vya mwili vilivyochorwa kimoja kimoja, na wakauruhusu utumike na kila mtu. Faili likishapakuliwa mara moja linaweza kukaa kwenye kompyuta au simu ya kituo na kutumika bila bando. Kinachokosekana ni majina na maelezo kwa Kiswahili kinachoeleweka: nyongo, kongosho, bandama, mrija wa mkojo. Hiyo ni kazi ya vyuo vyetu vya tiba na wataalamu wetu wa lugha, na haimngoji mfadhili.

Pili, nafasi ya kufundishia ipo tayari. Kwenye kliniki ya mama na mtoto siku huanza kwa somo fupi la afya. Muuguzi akiwa na kioo kimoja, dakika tano zinatosha kuonyesha njia ya hewa na ya chakula, au jinsi kondo la nyuma linavyoweza kukaa vibaya. Na kama kuna bibi asiyesikia Kiswahili vizuri, muuguzi aongeze Kizigua au Kisambaa; umbo halibadiliki kwa lugha.

Wapo watakaosema daktari hana muda, foleni ni ndefu. Ni kweli, na siwalaumu madaktari. Lakini muda unaopotea kumweleza mgonjwa mmoja jambo lilelile mara tatu kwa maneno asiyoyaelewa nao ni muda. Na mgonjwa asiyeelewa hurudi akiwa amechelewa, au harudi kabisa.

Tatu, shule. Mtaala mpya ulioanza kutekelezwa mwaka 2024 unataka mwanafunzi ajifunze kwa kutenda. Mwalimu wa Baiolojia mwenye projekta na umeme aonyeshe moyo ukizunguka. Asiye navyo achukue figo ya mbuzi kwa mchinjaji na aikate mbele ya darasa. Figo hiyo nayo ina pande tatu.

Nne, tusiambiwe kwamba wananchi wa huku hawawezi kuelewa sayansi. Kati ya mwaka 2009 na 2014, Korogwe ilikuwa moja ya vituo 11 katika nchi 7 za Afrika vilivyofanya jaribio kubwa la chanjo ya malaria ya RTS,S. Katika utafiti wa aina hiyo mzazi lazima aelezwe kabla ya kuridhia. Wazazi wa Korogwe walielezwa, wakaridhia, na mwezi Oktoba 2021 Shirika la Afya Duniani likapendekeza chanjo hiyo kwa watoto wa Afrika. Kama mzazi anaelezwa kwa makini ili asaidie utafiti, anastahili kuelezwa kwa makini mwanawe anapopasuliwa.

Maswali ya kubeba mfukoni

Usingoje kompyuta ifike. Siku utakapoambiwa habari ya upasuaji wako au wa mtoto wako, uliza haya kwa upole na bila hofu:

1. Daktari, naomba unionyeshe ni kiungo gani. Unionyeshe kwenye picha, kwenye mchoro, au kwenye mwili wangu.
2. Kiungo hicho kazi yake nini, na sasa kimeharibika vipi?
3. Mtakata wapi, na mtaondoa au mtashona nini?
4. Nisipofanyiwa, nini kitatokea, na baada ya muda gani?
5. Dalili gani zikitokea nyumbani nirudi haraka?

Halafu fanya jambo moja ambalo wagonjwa wengi hawalifanyi: rudia maelezo kwa maneno yako mwenyewe. Sema, "Kwa hiyo daktari, utumbo umeingia kwenye njia hii, nanyi mtaurudisha na kushona hapa?" Ukikosea atakusahihisha. Ukipatia, sasa unaweza kusaini.

Wahenga walisema kuuliza si ujinga. Daktari mzuri hachukii swali. Swali lako humpunguzia kazi. Na jioni utakaporudi Mombo, Magoma, Kwamkono au Kwamsisi, watoto wakikuuliza umepasuliwa nini, hutajibu tena "mshipa". Utachukua kijiti, utachora chini, na kuwaonyesha.